VULI YA PWANI YAPIMWA DAGORETTI: TUUSOME VIPI UTABIRI WA MSIMU?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli, lakini wingu hutoa habari za leo jioni tu. Mkulima wa Kinango anayetaka kununua mbegu mwezi wa Septemba hana wingu la kutazama. Mbingu ni nyeupe, ardhi imekauka na kusi bado inavuma. Huyo anahitaji dalili ya miezi mitatu ijayo. Dalili hiyo ipo, na ajabu ni kwamba hutayarishwa hapa hapa kwetu, katika barabara ambayo wengi wetu hupita kila asubuhi tukija shuleni.

Ukipanda matatu nambari 111 kutoka katikati ya jiji kuelekea Ngong, utapita Dagoretti Corner. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Ukiendelea mpaka mji wa Ngong utakuta kituo cha ICPAC, ambacho ni cha shirika la IGAD na hutayarisha utabiri wa nchi 11 za sehemu hii ya Afrika, kutoka Sudan hadi Tanzania. Kwa hivyo mvuvi wa Shimoni na mkulima wa Kwale wanangoja habari kutoka mitaa ya magharibi ya Nairobi, mahali ambapo hakuna bahari wala mnazi!

Shabaha ya makala haya ni moja. Nataka tujifunze kuusoma utabiri wa msimu wa vuli wa Pwani kama unavyostahili kusomwa. Watu wengi huuchukua kama ahadi, na ahadi isipotimia huwaita wataalamu waongo. Wengine huupuuza kabisa. Wote wawili hupata hasara, na hasara yenyewe si ndogo: ni mbegu, ni mashua, ni barabara, na wakati mwingine ni uhai.

MAJIRA YA PWANI NA MAJINA YAKE

Sisi wa Nairobi husema "mvua ndefu" na "mvua fupi", basi tumemaliza. Kiswahili cha Pwani kina majina bora zaidi, na mwanachama wa Klabu ya Kiswahili hana budi kuyajua.

Pepo kuu ni mbili. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini na huvuma takriban Aprili hadi Septemba. Ndizo pepo zilizoleta majahazi kutoka Oman na kuyarudisha kwao kwa karne nyingi. Kipindi ambacho upepo mmoja umelegea na wa pili haujashika huitwa tangambili, kwa kuwa nahodha aliweza kutweka tanga kwenda upande wowote.

Katikati ya pepo hizo ndimo majira mengine yanamopangika. Masika ni mvua kubwa, na Mombasa mwezi wake mkuu ni Mei, ilhali kwetu Nairobi mvua hukolea Aprili. Kipupwe ni baridi ya Juni hadi Agosti. Demani ni mwisho wa kusi, bahari inapoanza kutulia. Kisha huja vuli, mvua ya Oktoba hadi Desemba. Vuli ikiisha, kaskazi hushika, bahari hutulia, samaki hupatikana, na joto hupanda mpaka Machi ambapo mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 na zaidi.

Vuli basi ni mlango wa kiangazi cha Pwani. Mlango huo ukifunguka vizuri, visima hujaa na mkulima huvuna kabla ya joto kali. Usipofunguka, watu huingia miezi ya joto wakiwa na ghala tupu, na masika bado iko mbali. Ndiyo sababu utabiri wa vuli una uzito kushinda tunavyodhani.

BAHARI INA USEMI GANI?

Katika Jiografia tumefundishwa kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua linapoelekea kusini baada ya Septemba, ukanda huo hupita juu yetu na kutupatia vuli. Linaporudi kaskazini kuanzia Machi, hutupatia masika. Hilo hutokea kila mwaka. Sasa, kwa nini vuli moja ni mafuriko na nyingine ni vumbi?

Jibu kubwa limo baharini. Maji yakipata joto, hutoa mvuke mwingi na hewa ya juu yake hupanda. Hewa inayopanda ndiyo hutengeneza mawingu. Tofauti ya nyuzi moja tu ya joto, ikienea sehemu kubwa ya bahari, hutosha kubadilisha njia za pepo.

Bahari ya kwanza ya kuangaliwa ni Pasifiki, ijapokuwa iko mbali mno nasi. Maji ya katikati na mashariki ya bahari hiyo yakipata joto kupita kawaida, hali hiyo huitwa El Niño. Jina hilo ni la Kihispania, maana yake "mtoto", nalo walilitoa wavuvi wa Peru walioona maji ya joto wakati wa Krismasi. Maji hayo yakipoa kupita kawaida, huitwa La Niña. Kwetu Afrika Mashariki, El Niño huelekea kuongeza mvua za vuli, nayo La Niña huelekea kuzipunguza.

Bahari ya pili ni yetu wenyewe, Bahari ya Hindi. Ifikirie kama pembea ya watoto. Upande mmoja ni wa magharibi, karibu na Mombasa, Lamu na Mogadishu. Upande wa pili ni wa mashariki, karibu na kisiwa cha Sumatra huko Indonesia. Upande wetu ukipata joto na wa Sumatra ukapoa, hewa hupanda upande wetu, pepo zenye mvuke huvutwa kuelekea kwetu, na mvua hunyesha kwa wingi. Pembea ikigeuka, mvua huenda Indonesia na sisi tunabaki tukitazama mbingu. Wataalamu huita hali hiyo dipoli ya Bahari ya Hindi. Ilielezwa kwa jina hilo mwaka 1999 na kundi la wanasayansi waliofanya utafiti wao Japani.

Neno "El Niño" limezoeleka mtaani hata makanga analijua. "Dipoli" hata wasomi wengi hawajalisikia. Lakini kwa Pwani yetu, hiyo pembea ya jirani ina nguvu sana, kama tutakavyoona katika historia.

UTABIRI UNATENGENEZWAJE?

Kwanza ni kupima. Kuna vituo vya kupimia mvua, joto, upepo na unyevu katika sehemu mbalimbali za nchi. Pale Dagoretti Corner hurushwa puto lililofungiwa kifaa kinachopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa likipanda angani, na kifaa hicho hutuma habari kwa redio. Setilaiti huangalia mawingu na joto la bahari kutoka juu.

Pili ni kompyuta. Vituo vikubwa vya dunia huingiza vipimo hivyo katika programu zinazofuata kanuni za fizikia ya hewa na bahari. Programu haiendeshwi mara moja. Huendeshwa mara nyingi, kila mara kwa kubadilisha kidogo hali ya mwanzo, kwa sababu hakuna apimaye bahari yote bila kukosea hata chembe. Majibu yakifanana, wataalamu hupata imani. Yakitawanyika, hujua kwamba msimu huo ni mgumu kutabirika.

Tatu ni mkutano. Tangu mwaka 1998, wataalamu wa hali ya hewa wa eneo letu wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua na kulinganisha hesabu zao. Kikao cha vuli huwa mwezi wa Agosti. Baada ya hapo Idara yetu hutoa utabiri wa Kenya, sehemu kwa sehemu.

Kuna jambo la kutia moyo hapa. Vuli hutabirika kwa urahisi zaidi kuliko masika, kwa sababu imefungamana zaidi na joto la bahari, na joto la bahari hubadilika polepole. Bahari si kama wingu la Nairobi ambalo saa nne halipo na saa nane limekulowesha.

ASILIMIA TATU

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa hivyo twende taratibu.

Chukua mvua ya vuli ya mahali pamoja kwa miaka 30, tuseme kuanzia 1991 hadi 2020. Panga miaka hiyo kutoka ile yenye mvua nyingi hadi ile yenye mvua chache. Kata orodha yako mara tatu. Miaka 10 ya juu iite "juu ya wastani". Miaka 10 ya kati iite "karibu na wastani". Miaka 10 ya chini iite "chini ya wastani". Kama hujui chochote kuhusu bahari, kila fungu lina nafasi sawa, yaani asilimia 33 na kidogo.

Utabiri wa msimu huchukua mizani hiyo na kuisukuma. Tuchukue mfano wa darasani: mwaka fulani Pwani imepewa asilimia 45 juu ya wastani, 35 karibu na wastani, na 20 chini ya wastani. Magazeti yataandika: "Mvua kubwa yaja Pwani!" Je, ni kweli?

Fanya jaribio hili. Kata vikaratasi 20. Andika "nyingi" kwenye 9, "wastani" kwenye 7, na "chache" kwenye 4. Vitie koponi, tikisa, kisha uchomoe kimoja bila kuangalia. Mara nyingi zaidi utapata "nyingi" kuliko neno lingine lolote moja. Lakini hesabu tena: "wastani" na "chache" kwa pamoja ni 11, nazo zinashinda 9! Na ukichomoa "chache", kopo halijasema uongo. Vikaratasi vinne vilikuwamo, na uliviandika kwa mkono wako.

Tuliosoma uwezekano katika Hisabati twende hatua moja mbele. Tuseme utabiri mzuri namna hiyo umetolewa miaka mitano mfululizo, na tuchukulie kwamba msimu mmoja hauathiri mwingine. Uwezekano wa kuepuka ukame mwaka mmoja ni 0.8. Kuepuka miaka yote mitano ni 0.8 mara yenyewe mara tano, ambayo ni karibu 0.33. Maana yake, uwezekano wa kupata angalau vuli moja mbaya ndani ya miaka hiyo ni kama asilimia 67. Miaka mitano ya utabiri mwema, na bado ukame una nafasi mbili kwa tatu za kubisha hodi mara moja! Mtu anayepanda zao moja shamba zima kila mwaka kwa kuwa "redio imesema mvua" siku moja atalia.

MIAKA INAYOFUNZA

Historia ni mwalimu, basi tumsikilize.

1961: Mwishoni mwa mwaka huo mvua kubwa mno zilinyesha Afrika Mashariki. Ziwa Viktoria lilianza kupanda, na kwa miaka michache tu likapanda zaidi ya mita 2. Lakini mwaka 1961 hapakuwa na El Niño! Ni Bahari ya Hindi iliyoelemea upande wetu.

1997: El Niño yenye nguvu ilikutana na pembea iliyoinama kwetu. Mafuriko yalianza katika vuli na kuendelea hadi mwanzo wa 1998. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa iliharibika vibaya, na bidhaa kutoka bandarini zikapata taabu kufika jijini. Tangu hapo neno "El Niño" likaingia katika Kiswahili cha mitaani, na kila mvua kubwa ikaanza kuitwa hivyo.

2015: El Niño nyingine yenye nguvu ilitangazwa. Watu walijitayarisha kwa maafa kama ya 1997. Mvua ilinyesha, na sehemu kadhaa zilipata mafuriko, lakini maafa ya kiwango cha 1997 hayakutokea. Wengi wakasema wamedanganywa.

2019: Mwaka huu Pasifiki haikuwa na El Niño kubwa, lakini pembea ya Bahari ya Hindi iliinama upande wetu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Vuli ikawa ya mafuriko na maporomoko ya ardhi.

2020 hadi 2022: La Niña ilirudi miaka mitatu mfululizo. Misimu mitano ya mvua ilishindwa, moja baada ya nyingine. Mifugo ikafa, na Kwale, Kilifi, Tana River na Taita Taveta zikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Vuli ya 2022 ilikuwa imetabiriwa mapema, mwezi wa Agosti, kwamba ingeelekea kuwa kavu, na ikawa hivyo.

2023: Agosti ilitabiriwa kuwa mvua ya vuli ingepita wastani katika sehemu nyingi za nchi, kwa kuwa El Niño na dipoli zilikuwa zimeshikana mikono. Oktoba, Rais William Ruto akasema hadharani kwamba El Niño ya kuharibu haingetokea tena, ila mvua zaidi ya kawaida. Watu wakashusha pumzi. Novemba mafuriko yakaikumba Pwani na kaskazini-mashariki ya nchi, na kabla ya mwaka kuisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamefariki kote nchini.

Somo la miaka hii ni nini? Mwaka 2015 mizani ilielemea mvua nyingi, lakini maafa yaliyoogopwa hayakuja. Mwaka 2023 mizani ilielemea mvua nyingi, nayo ikaja kikweli. Mtu aliyedharau utabiri wa 2023 kwa sababu ya kumbukumbu za 2015 alihesabu vibaya. Kopo ni jipya kila mwaka.

MAMBO MATATU YA KUULIZA

Unapousikia utabiri wa vuli ya Pwani redioni au kuusoma gazetini, uliza maswali matatu.

Swali la kwanza: ni Pwani gani? Kwa mambo ya utawala, Pwani ina kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Lakini mvua haijui mipaka ya kaunti. Idara ya Hali ya Hewa huweka Taita Taveta pamoja na Kitui, Makueni na Machakos katika nyanda za chini za kusini-mashariki, pamoja na sehemu za ndani za Tana River. Huko Voi, mvua ya Novemba na Desemba ndiyo tegemeo. Kisiwani Lamu vuli ni haba, na Mei ndiyo hubeba mwaka. Kwa hivyo mtu wa Voi asisome mstari wa Mombasa akadhani amejisomea habari zake.

Swali la pili: wastani wa wapi? "Juu ya wastani" hupimwa kwa mahali penyewe. Kinango ni kukavu kuliko Shimoni, ingawa zote ziko Kwale. Mvua inayoitwa nyingi Kinango huenda Shimoni ikaitwa chache. Mtu wa jiji akisikia "juu ya wastani" hufikiria mafuriko; mtu wa sehemu kavu yafaa afikirie pengine mahindi yatakomaa safari hii.

Swali la tatu: itanyesha lini na vipi? Jumla ya msimu si kila kitu. Mvua yote ikimwagika kwa wiki mbili kisha jua likawaka mwezi mzima, jumla itakuwa nzuri nao mmea utakuwa umekufa. Utabiri kamili hueleza pia mwanzo wa mvua, mwisho wake, na mtawanyiko wake. Sehemu hizo wasomaji wengi huziruka, kumbe ndizo humfaa mkulima.

NYANYA YANGU NA MBEGU

Sikuandika haya kwa kupenda hesabu tu. Nyanya yangu, mzazi wa mama, analima Kinango. Kila Septemba mama humtumia pesa za mbegu kutoka Nairobi, na pesa hizo hutoka katika mfuko ule ule unaotoa karo yangu. Mbegu zikiungua shambani, Januari tunaumia sote wawili, yeye kwa chakula na mimi kwa shule.

Niliposhika simu kumsomea asilimia, alinisikiliza kwa subira, kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, itanyesha ama haitanyeshi?"

Swali lake ni la haki. Haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" wala "la", lakini halipaswi kuachwa bila jibu. Nikamwambia, "Nyanya, katika miaka kumi kama huu, miwili hukosa mvua. Ungekuwa na mbuzi kumi na unajua wawili hawatarudi jioni, ungefanyaje?"

Akacheka. "Singewapeleka wote njia moja."

Basi akaligawa shamba lake. Sehemu kubwa akapanda mahindi ya mbegu ya Pwani. Sehemu nyingine akapanda kunde na pojo, ambazo hukomaa upesi na huvumilia ukavu, na ukingoni akaacha muhogo. Mwaka ambao mizani inaelemea ukame, atageuza mafungu hayo: kunde na pojo nyingi, mahindi kidogo. Hivyo ndivyo asilimia zinavyokuwa chakula. Nyanya hakusoma uwezekano darasani, lakini aliuelewa haraka kuliko baadhi yetu.

UTABIRI MKUBWA NA UTABIRI MDOGO

Jambo la mwisho ni kwamba utabiri wa Agosti hautoshi peke yake. Idara hutoa pia utabiri wa mwezi, wa wiki na wa siku, na kila mmoja una kazi yake. Wa msimu husaidia kuchagua mbegu. Wa wiki husaidia kuchagua siku ya kupanda. Wa siku humwambia mvuvi kama atoke au afunge mashua yake.

Tuna mfano tunaoukumbuka vizuri, ingawa huo ulikuwa wakati wa masika. Mwaka 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Kwa sababu ya mafuriko zikaahirishwa, na mapema Mei kukawa na onyo kwamba kimbunga Hidaya kilikuwa kinakaribia, kikileta upepo mkali na mawimbi makubwa Pwani ya Kenya. Kimbunga kiliingia nchi kavu Tanzania tarehe 4 Mei. Shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu mno na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauzipi pepo msokoto wa kutosha. Hakuna utabiri wa msimu ambao ungetaja Hidaya miezi miwili mapema. Utabiri wa siku chache ndio ulioiona, na aliyefuata habari za kila siku ndiye aliyetoa mashua yake majini mapema.

Kwa hivyo ndugu msomaji, iwe nyumbani kwenu ni Kawangware, Kangemi au Riruta, usifikirie utabiri wa Pwani ni habari za watu wa mbali. Bidhaa nyingi tunazotumia hupanda kutoka bandarini, jamaa zetu wanalima na kuvua huko, na wengi wetu tunatamani kwenda kuogelea Desemba. Jirani akikuuliza kama vuli itakuja, mwambie mizani imeelemea wapi, kisha mwambie pia upande wa pili una uzito gani. Mwenye kujua pande zote mbili hujitayarisha kwa zote mbili. Tahadhari kabla ya hatari.

MSAMIATI

Tangambili: kipindi cha kubadilika kwa pepo za kaskazi na kusi.
Demani: majira ya mwisho wa kusi, kabla ya vuli.
Mtawanyiko: jinsi mvua inavyosambaa katika siku na mahali.
Kuelemea: kuinamia upande mmoja kwa uzito.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja pepo kuu mbili za Pwani na miezi yake.
2. Kwa nini vuli ya 1961 ilikuwa na mvua nyingi ilhali hapakuwa na El Niño?
3. Utabiri ni asilimia 20 juu ya wastani, 35 karibu na wastani na 45 chini ya wastani. Andika vikaratasi 20 vya utabiri huo, kisha umshauri mkulima wa Kinango.
4. Tafuta uwezekano wa kupata mvua chini ya wastani miaka miwili mfululizo kwa utabiri wa swali la 3.
5. Eleza kwa maneno yako kwa nini mtu wa Voi na mtu wa Lamu hawapaswi kutegemea utabiri mmoja.